Castlevania na Ugumu Wenye Haki

Mwaka 1986 kampuni ya Konami ilitoa Japani gemu ya kumwinda Dracula ndani ya kasri lake. Mwaka uliofuata ikafika Marekani kwa jina la Castlevania. Tangu hapo mashabiki wanabishana ipi katika mfululizo huo ndiyo bora, na mara nyingi ugumu ndio unaofanywa mizani. Mizani hiyo inapotosha. Gemu zilizodumu mioyoni mwa watu ni zile ambazo mchezaji anaweza kujifunza ugumu wake.

Chukua ile ya kwanza. Mhusika mkuu, Simon Belmont, akisharuka na mjeledi wake hawezi kugeuka hewani, na adui akimgusa hurushwa nyuma. Kama nyuma kuna shimo, amekwisha. Katika ushoroba wa kuelekea kwa bosi aitwaye Mauti, vichwa vya Medusa huja vikipanda na kushuka huku wapiganaji wenye deraya wakirusha mashoka, mara juu mara chini. Mgeni huona anaonewa. Lakini vichwa vile havibadili mwendo wao, na aliyetunza chupa ya maji matakatifu anaweza kuwagandisha maadui zake. Anayeshindwa hapo anajua alipokosea.

Atatokea wa kusema kwamba kipigo kikali ndicho kilichoupa mfululizo huu heshima. Gemu ya tatu inamjibu. Ilitoka Japani mwaka 1989, na huko kipigo kilitegemea aina ya adui. Toleo la Marekani la mwaka 1990 lilikipanga kwa hatua aliyofika mchezaji, hivyo mbele ya safari hata adui mdogo akaumiza kama mkubwa. Grant, mmoja wa wahusika wake, naye alinyang'anywa visu vyake vya kurusha, akaachiwa cha kuchomea karibu. Gemu ikawa ngumu zaidi, lakini haikuwa na la ziada la kumfundisha mchezaji. Uzuri wake, yaani njia panda na wahusika wa kubadilishana, ulikuwamo tangu Japani.

Pingamizi zito zaidi ni gemu nyingine ya mfululizo huu, Symphony of the Night ya mwaka 1997. Humo mhusika mkuu, Alucard, hupanda viwango kadiri anavyopigana, na akipata upanga wa Crissaegrim mabosi wengi hawamsumbui. Hata hivyo wengi huiweka juu ya zote. Je, ugumu hauna maana? Unayo, ila umehamia kwingine: kuisoma ramani, kukumbuka mlango uliofungwa, kugundua kwamba kuna kasri la pili lililopinduliwa juu chini. Anayetaka jasho la zamani, akishaimaliza anaweza kuanza upya kwa jina la Richter, mhusika mwingine, na kucheza bila kupanda kiwango chochote.

Kwa hiyo shabiki asiulizwe amekufa mara ngapi katika gemu anayoipenda. Aulizwe kila kifo kilimfundisha nini. Gemu isiyompa jibu haistahili sifa kwa ugumu wake.