Uchomekaji wa vitegemezi (Java)

Uchomekaji wa vitegemezi ni mtindo wa kupanga programu ambamo klasi haijiundii vitu inavyovihitaji. Inavitaja tu, kisha sehemu nyingine ya programu, inayoitwa kontena, huviunda na kuikabidhi. Fundi mwashi haachi ukuta akaenda kukoroga mota. Saidia fundi humletea hapo alipo. Katika programu za wavuti za Java zinazoendeshwa kwenye seva, mtindo huu umezoeleka kiasi kwamba wengi huutumia bila kuutaja.

Mfano wake mkubwa Afrika Mashariki umo katika sekta ya afya. Katika kata ya Iyula, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, kama ilivyo kwingineko Tanzania Bara, mgonjwa wa nje anayefika zahanati huandikwa katika kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mwezi ukiisha, takwimu hujumlishwa na kuingizwa katika DHIS2, mfumo wa Java unaotumika kupitia kivinjari. Mfumo huo ulianza kuandikwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, mwaka 2004, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wake kwa miaka mingi. Kenya iliuweka mtandaoni kwa nchi nzima mwaka 2011.

Tuifuate tarakimu moja, tuseme idadi ya wagonjwa wa malaria waliotibiwa katika mwezi. Karani akishaiandika kwenye fomu, ombi hupokewa na klasi ya wavuti, nayo huikabidhi huduma inayoitwa DataValueService. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na klasi ya DefaultDataValueService, inayokagua thamani kabla ya kuipeleka kwenye ghala, yaani DataValueStore. Ghala lenyewe ni kiolesura tu, orodha ya kazi zinazoahidiwa. Anayezitekeleza ni HibernateDataValueStore, ambaye ndiye huzungumza na hifadhidata. Huduma haijui jina lake na haina haja ya kulijua: Spring, kontena ya mfumo huo, huwaunganisha wawili hao seva inapowashwa.

Faida yake huonekana mambo yanapobadilika. Mwandishi wa programu akitaka kupima ukaguzi wa takwimu, huikabidhi huduma ghala la bandia lisilo na hifadhidata nyuma yake, na jaribio humalizika kufumba na kufumbua. Tena, huduma moja huhudumia sehemu nyingi. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, wilaya ya Mbozi ilipata mkoa mpya. Ndani ya DHIS2, swali la kituo kipi kiko chini ya wilaya na mkoa upi hujibiwa na OrganisationUnitService, inayochomekwa kwa kila klasi inayolihitaji. Kama kila ripoti ingejiundia namna yake ya kusoma ngazi za utawala, baadhi zingeendelea kuihesabu Mbozi ndani ya Mbeya.

Spring ilitokana na msimbo ulioambatana na kitabu cha Rod Johnson kuhusu J2EE (baadaye Java EE), jukwaa la Java la programu za seva. Kitabu hicho kilitoka mwaka 2002. Johnson alikerwa na uzito wa EJB, vijenzi vya J2EE vya wakati ule. Toleo la 1.0 la Spring lilitoka Machi 2004, miezi miwili baada ya makala ya Martin Fowler iliyoupa mtindo huu jina. Google ilileta kontena yake, Guice, mwaka 2007, na mwaka 2009 alama ya @Inject ikaingizwa katika viwango rasmi vya Java.

Makala ya Fowler iliulinganisha mtindo huu na mwingine, ule ambao klasi huenda yenyewe kwenye dawati moja na kuomba huduma. Mitindo yote miwili imo katika OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Ndani yake Spring ndiyo huunganisha huduma, lakini waandishi wa moduli wamezoea kuita Context.getPatientService() popote walipo. Ni rahisi kuandika, hakuna ubishi. Ila ukiitazama klasi kwa nje huwezi kujua inategemea nini, na kuipima mara nyingi hulazimu kuwasha mazingira karibu yote ya mfumo.

Vitegemezi huweza kupitishwa kwa njia tatu: konstrakta, mbinu za kuweka, au moja kwa moja kwenye sehemu za ndani za klasi. Njia ya tatu ni fupi na inapendwa na wanaoanza, lakini ndiyo dhaifu zaidi, kwa kuwa huficha mahitaji ya klasi. Konstrakta haifichi kitu. Yenye vitegemezi kumi na viwili inatangaza waziwazi kwamba klasi imebeba kazi nyingi mno. Klasi mbili zikitegemeana kwa kuzunguka, programu ya Spring Boot, zana ya kuandaa programu za Spring, kuanzia toleo la 2.6, la Novemba 2021, hugoma kuwaka isipokuwa mwandishi aruhusu mzunguko huo kwa makusudi.

Kuna mtego unaohusu seva hasa. Kwa kawaida Spring huunda kitu kimoja tu cha kila huduma, na kitu hicho huhudumia maombi yote kwa wakati mmoja. Mwandishi akihifadhi jina la mtumiaji ndani ya huduma, takwimu za karani wa Mbozi zinaweza kurekodiwa kwa jina la mwenzake wa Tunduma aliyebonyeza kitufe sekunde hiyo hiyo. Hitilafu ya namna hii haijitokezi kwenye kompyuta ya mwandishi anayejaribu peke yake. Hungoja siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti, watu wakiwa wengi.

Anayesoma mifano ya zamani azingatie pia mabadiliko ya majina. Baada ya Oracle kuikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation, alama ya @Inject ilihama kutoka kifurushi cha javax.inject kwenda jakarta.inject, na Spring 6, iliyotoka Novemba 2022, hutumia majina hayo mapya na hudai Java 17 au zaidi.