Rangi za Nyota na Mistari Miwili Niliyoikata

Siku moja mhariri wa zamu aliniita mezani kwake. Picha ya ukurasa wa sayansi ilikuwa imekula nafasi, akaniambia nipunguze mistari miwili ya maelezo. Ilikuwa ile picha maarufu ya darubini ya Hubble: nguzo tatu za gesi na vumbi zimesimama angani kama vidole, nyuma yake kijani na buluu ya kupendeza. Nikapunguza. Mistari niliyoikata ni ile ya mwisho, iliyoeleza rangi zile zilipatikanaje.

Kesho yake mwalimu mmoja wa sekondari akapiga simu. Nikamwamkia, akaitika, kisha akauliza: "Mwanangu, hivi mtu akifika huko ataziona rangi hizo hizo?" Nikajibu bila hata kufikiri: "Ndiyo mwalimu, picha ni ya NASA."

Nilimdanganya mzee wa watu. Sikukusudia, lakini nilimdanganya. Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia historia ya jambo hili, na leo naomba niwashirikishe.

Tuanze na kamera yenyewe. Kamera ya Hubble hupiga picha nyeusi na nyeupe. Inachopima ni wingi wa mwanga tu, wapi mwingi na wapi haba. Ili kupata rangi, kitu kimoja hupigwa picha kadhaa, kila moja kupitia kichujio kinachoruhusu aina fulani tu ya mwanga. Kisha kila picha hupewa rangi yake na zote hupandanishwa kuwa moja.

Ujanja huu ni wa zamani. Mwaka 1861 mwanasayansi James Clerk Maxwell aliwaonyesha watu waliokusanyika Royal Institution, London, picha ya utepe wa kitambaa cha Kiskoti. Utepe ulikuwa umepigwa picha kupitia vichujio vyekundu, kijani na buluu, na picha hizo zikaangazwa ukutani kwa pamoja kupitia vichujio vile vile. Watu wakaona rangi. Kichekesho ni kwamba kemikali za picha za wakati huo karibu hazikuhisi kabisa mwanga mwekundu. Miaka 100 baadaye watafiti wa Kodak waligundua kwamba kichujio chekundu kilikuwa kimepitisha mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho, na kitambaa kile chekundu kiliurudisha pia. Kwa maneno mengine, hata wekundu wa picha ya kwanza ya namna hiyo ulitokana na mwanga ambao hakuna aliyeuona.

Sasa twende Mirihi. Tarehe 20 Julai 1976 chombo cha Marekani, Viking 1, kilitua kwenye sayari hiyo, na siku iliyofuata kikatuma picha yake ya kwanza ya rangi. Ilipoonyeshwa kule Pasadena, California, ardhi ilikuwa nyekundu na anga ilikuwa ya buluu, kama anga ya hapa kwetu. Watu wakafurahi. Lakini rangi zile zilikuwa zimechanganywa haraka haraka. Juu ya chombo palikuwa na vibao vidogo vya rangi zinazojulikana, vilivyowekwa makusudi ili picha zilinganishwe navyo. Ulinganisho ulipofanywa vizuri, anga ikawa ya waridi iliyoelekea manjano. Sababu ni vumbi laini lenye kutu ya chuma linaloelea hewani.

Mwanasayansi James Pollack aliposimama mbele ya waandishi wa habari kuwaeleza kwamba anga ya Mirihi ni ya waridi, baadhi yao walimzomea. Jamani, waandishi wa habari! Watu wa fani yangu mimi. Carl Sagan, aliyekuwa kwenye timu hiyo, alilitafsiri tukio lile kuwa ni hamu yetu ya kutaka Mirihi ifanane na Dunia. Mimi naongeza jingine: mwandishi akishapata picha nzuri, anayekuja kuisahihisha huonekana mchokozi. Nalijua hilo kwa sababu nami nisingependa mtu anirudishe mezani usiku wakati gazeti linakwenda mtamboni.

Hapo kulikuwa na jibu sahihi na jibu lisilo sahihi. Picha ya nguzo zangu ina mambo yake tofauti, na ndipo wengi tunapochanganyikiwa.

Nguzo hizo zimo kwenye Nebula ya Tai, umbali ambao nuru husafiri miaka kama 6,500 kuumaliza. Jeff Hester na Paul Scowen wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona waliipata picha ile kwa Hubble mwaka 1995. Walitumia vichujio vitatu vyembamba, kila kimoja kikipokea mwanga wa aina moja ya atomu: salfa, haidrojeni na oksijeni. Salfa wakaipa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu.

Kwa jicho la kawaida, mwanga huo wa haidrojeni ni mwekundu, na ule wa salfa ni mwekundu pia. Wangeweka rangi kama jicho linavyoona, gesi hizo mbili zingechanganyika zikawa kitu kimoja. Kwa kuzitenganisha, mtafiti anaona gesi ipi iko wapi, na wapi mwanga mkali wa nyota changa unazila nguzo zile taratibu. Kwa hiyo kijani kile hakikuwekwa kwa ajili ya urembo. Ni kama ramani ya shule inayopaka milima kahawia. Hakuna anayefika Usambara akalalamika kwamba mlima si kahawia, kwa sababu ramani ina ufunguo wake pembeni.

Ndiyo maana neno "rangi bandia" linanikera kidogo. Kwetu bandia ni noti bandia, dawa bandia, kitu cha tapeli. Afadhali tuseme rangi za kupangwa. Darubini ya James Webb ilipopiga nguzo hizo hizo mwaka 2022, ilitumia mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu halioni kabisa. Picha kama hiyo haiwezi kuwa na "rangi halisi". Lazima mtu azipange, na lazima aseme amezipangaje.

Asiposema inakuwaje? Angalieni Neptuni. Voyager 2 ilipita huko Agosti 1989, na picha zikaonyesha sayari ya buluu iliyokolea, wakati Uranus, iliyopitiwa mwaka 1986, ilionekana buluu-kijani iliyopauka. Watoto wa shule wengi wamekua wakiamini sayari hizi mbili hazifanani rangi. Mwezi Januari 2024 Patrick Irwin wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha hesabu mpya za rangi hizo, wakaonyesha kwamba zote mbili zina buluu-kijani inayokaribiana sana. Neptuni imezidi buluu kidogo tu, kwa kuwa utando wake wa ukungu ni mwembamba zaidi.

Je, watu wa Voyager walidanganya? Hapana. Walikoleza picha za Neptuni ili mawingu na mikanda yake ionekane, na maelezo yaliyotoka na picha yalisema hivyo. Kisha picha zikasafiri na maelezo yakabaki nyuma. Kila aliyeichapisha upya alikuwa na mistari yake miwili isiyoenea. Ikachukua zaidi ya miaka 30 kuirudisha.

Sasa nikipewa picha ya anga huwa nakata kichwa cha habari, au napunguza picha yenyewe, lakini sigusi sentensi inayoeleza rangi. Mhariri wangu hafurahi kila mara.

Namba ya yule mwalimu sina, alipiga kwenye simu ya ofisi. Mwalimu, kama unapita hapa, shikamoo tena. Jibu ni hapana. Mtu akifika huko hataziona hivyo, na wanafunzi wako wana haki ya kuambiwa ni kwa nini.