Mbio za magari mtandaoni: Faida ya wapinzani halisi na hatari ya seva kuzimwa

MNAMO Machi 31, 2024, kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilizima seva za The Crew, mchezo wa video wa mbio za magari uliokuwa ukichezwa kote duniani tangu Desemba 2014.

Kuanzia siku hiyo, aliyekuwa ameununua hakuweza kuucheza tena, hata kama diski yake ilikuwa nzima na mashine yake haina kasoro. Hakuweza hata kuendesha gari peke yake bila mpinzani, kwa sababu mchezo huo haukukubali kuanza kabla ya kuwasiliana na seva za kampuni.

Kisa hicho kilianika wazi matokeo ya mageuzi yaliyoanza zaidi ya miaka 20 awali. Katika kipindi hicho, michezo ya mbio za magari ilihama kutoka sebuleni, ambako mtu mmoja alishindana na mashine, hadi mtandaoni, ambako anashindana na watu wa mataifa mengine. Mageuzi hayo yalimpa mchezaji wapinzani wa kweli, lakini yakampokonya uwezo wa kuamua mchezo wake utadumu hadi lini.

Enzi ya leseni na gari lililotumika

Michezo ya kwanza ya aina hii ilipata umaarufu katika kumbi za burudani. Katika michezo kama Pole Position, uliotolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1982, mtu alitia sarafu, akaendesha gari kwa dakika chache, kisha akampisha mwingine.

Gran Turismo, uliozinduliwa nchini Japani Desemba 23, 1997 kwa mashine ya PlayStation, ulileta utaratibu tofauti. Kiongozi wa waundaji wake, Kazunori Yamauchi, alikusudia mchezaji aishi maisha ya dereva tangu mwanzo wa taaluma yake hadi kileleni.

Mchezaji alianza na pesa za mchezo 10,000, kiasi kilichotosha kununua gari dogo lililokwisha kutumika. Kisha alifanya mitihani ya leseni, akijifunza kufunga breki kwa wakati, kuingia kwenye kona na kutoka humo bila kuteleza. Aliyefaulu aliruhusiwa kuingia katika mashindano makubwa zaidi, na pesa alizoshinda alizitumia kuboresha injini na matairi au kununua gari jingine.

Utamu wa mtindo huo ulikuwa katika subira. Kila hatua ilihifadhiwa katika kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochomekwa kwenye mashine, nayo ilikuwa mali ya mchezaji. Angeweza kuuweka mchezo kabatini kwa miaka mingi, kisha aendelee pale alipokomea. Mtindo huo ulipokewa vyema, kwani zaidi ya nakala milioni 10 za Gran Turismo ziliuzwa.

Hata hivyo, mtindo huo ulikuwa na dosari moja kubwa, nayo ni wapinzani wenyewe. Magari yaliyoendeshwa na mashine yalifuatana kwa mstari mmoja mithili ya mabehewa ya garimoshi, bila kumjali aliye kando yao. Mchezaji aliyenunua gari lenye nguvu nyingi alishinda bila kutoa jasho. Mara nyingi ushindi ulitegemea mkoba kuliko ustadi wa kushika usukani.

Mtandao wabisha hodi

Kampuni ya Microsoft ilianzisha huduma ya Xbox Live Novemba 2002, na mwaka uliofuata mchezo wa Project Gotham Racing 2 ukawawezesha wachezaji walio katika miji tofauti kukutana katika mbio moja.

Sony ilichukua muda mrefu zaidi. Gran Turismo 4, uliotolewa Japani Desemba 2004, ulikuwa umeahidiwa kuwa na mbio za mtandaoni, lakini sehemu hiyo iliondolewa kabla ya mchezo kuingia sokoni. Gran Turismo 5, uliotoka Novemba 2010, uliwaruhusu watu hadi 16 kushindana mtandaoni. Hata hivyo, utaratibu wa zamani wa leseni na taaluma ulibaki palepale.

Mchezo wa Test Drive Unlimited wa mwaka 2006 ulijaribu kuunganisha mitindo hiyo miwili. Barabara za kisiwa cha Oahu katika jimbo la Hawaii ziliundwa upya, na mchezaji aliyekuwa akizunguka peke yake aliweza kukutana njiani na mwingine na kumwalika washindane. Seva zake zilipofungwa baadaye, sehemu ya mchezaji wa pekee haikufungwa pamoja nazo.

Mwaka 2008 ilizinduliwa iRacing nchini Marekani, huduma ya tarakilishi ambayo mchezaji huilipia ada ili kuitumia. Barabara zake za mashindano hupimwa kwa miale ya leza ili kila tuta na kila bonde lionekane lilivyo. Aidha, kila dereva hupewa alama za aina mbili. Moja huonyesha ustadi wake, na nyingine huonyesha jinsi anavyoepuka ajali. Anayewagonga wenzake ovyo huzuiwa kupanda ngazi.

Pengo la mita tano

Kushindana na mtu aliye mbali kuna ugumu wake. Gari linalokwenda kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa hukata takriban mita 55 kila sekunde. Habari za mahali lilipo zikichelewa kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, mpinzani hupata picha ya gari lililo zaidi ya mita tano nyuma ya mahali lilipo hasa. Umbali huo unazidi urefu wa magari mengi madogo.

Ili kuziba pengo hilo, programu hubashiri mahali gari lilipo kwa kutumia kasi na mwelekeo wa mwisho uliojulikana. Dereva akifunga breki ghafla, ubashiri huo huenda kombo. Ndiyo sababu gari huonekana likiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, au mchezaji hujikuta amegongwa na gari ambalo kwenye skrini yake halikumkaribia.

Kwa Afrika Mashariki, tatizo hilo lilikuwa kubwa zaidi kabla ya mwaka 2009. Mawasiliano ya intaneti na ulimwengu yalitegemea mno setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ujumbe pamoja na jibu lake ulichukua karibu nusu sekunde kwa umbali huo pekee. Katika muda huo, gari la mfano wetu huwa limekwenda zaidi ya mita 25.

Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa mwaka 2009, zilipunguza kuchelewa huko. Lakini hata waya bora hauondoi umbali. Anayecheza Nairobi kupitia seva iliyo Ulaya bado hupata habari akiwa nyuma ya mwenzake aliye jirani na seva hiyo.

Kutoka sebuleni hadi Le Mans

Licha ya vikwazo hivyo, mashindano ya mtandaoni yalifungua milango ambayo taaluma ya kubuniwa isingeweza kuifungua. Mwaka 2008 Sony na Nissan zilianzisha GT Academy, mpango uliowatafuta madereva miongoni mwa wachezaji wa Gran Turismo. Walioandikisha muda bora waliitwa kujaribiwa katika magari halisi.

Mshindi wa kwanza alikuwa Mhispania Lucas Ordóñez. Mwaka 2011 alishinda Mwingereza Jann Mardenborough, ambaye maisha yake yalisimuliwa katika filamu iliyotoka mwaka 2023. Mwaka 2013 wawili hao walishirikiana katika gari moja kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, na kumaliza katika nafasi ya tatu ya kitengo cha LMP2.

Oktoba 2017 Gran Turismo Sport uliingia sokoni ukiwa umejengwa juu ya msingi wa mbio za mtandaoni. Ulipotoka haukuwa na utaratibu wa zamani wa taaluma, na malalamiko yalisikika kutoka kwa mashabiki wa miaka mingi. Desemba mwaka huohuo, waundaji waliongeza sehemu ya mashindano ya mchezaji wa pekee.

Mwaka 2018 Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) liliidhinisha mashindano ya dunia ya mchezo huo. Mbrazili Igor Fraga alitwaa taji la mataifa katika fainali iliyoandaliwa Monaco, na mwaka 2020 akashiriki mbio halisi za Formula 3.

Janga la corona liliupa mtindo huu msukumo mpya. Machi 22, 2020, mbio halisi zikiwa zimesimamishwa, madereva wa NASCAR walishindana kupitia iRacing na Denny Hamlin akaibuka mshindi. Siku hiyohiyo Formula 1 iliandaa mbio zake za kwanza za mtandaoni badala ya zile zilizokuwa zifanyike Bahrain.

Gharama ya kutegemea seva

Upande wa pili wa shilingi ulijitokeza mapema. Aprili 15, 2010, Microsoft ilifunga Xbox Live kwa mashine ya kwanza ya Xbox, na mbio za mtandaoni za Project Gotham Racing 2 zikafikia kikomo. Hata hivyo, mwenye diski aliendelea kucheza peke yake.

Michezo iliyofuata haikuacha mwanya huo. Katika Gran Turismo Sport, mchezaji hakuweza kuhifadhi maendeleo yake bila kuunganishwa na seva, hata akishindana na mashine. Gran Turismo 7, uliotoka Machi 4, 2022, ulifuata njia hiyo. Wiki mbili tu baadaye, hitilafu katika sasisho ilisababisha mchezo huo kufungwa kwa zaidi ya saa 30. Yamauchi aliomba radhi, na wachezaji wakapewa pesa za mchezo milioni moja kama fidia.

Kampuni zina sababu za kupenda utaratibu huu. Maendeleo yanapohifadhiwa katika seva, ni vigumu kwa mdanganyifu kujiongezea pesa au magari. Pesa za mchezo pia huuzwa kwa pesa halisi, na biashara hiyo huhitaji ulinzi. Isitoshe, seva hugharimu pesa kila mwezi, na wachezaji wakipungua, kampuni huona hasara kuendelea kuzilipia.

Kuna pia suala la hakimiliki. Majina na maumbo ya magari hutumiwa kwa idhini ya watengenezaji wake, na nyimbo hutumiwa kwa idhini ya wenyewe. Idhini hizo huwa na muda maalumu. Kwa sababu hiyo, Forza Horizon 4 uliondolewa sokoni Desemba 15, 2024, ingawa waliokuwa wameununua hawakuzuiwa kuendelea kuucheza.

Wachezaji wapeleka kilio bungeni

Kuzimwa kwa The Crew ndiko kulikogeuza manung'uniko kuwa kampeni. Aprili 2024 Ross Scott, mtayarishaji wa video raia wa Marekani, alianzisha vuguvugu la Stop Killing Games. Linazitaka serikali zizilazimishe kampuni kuuacha mchezo ukiwa bado unachezeka zinapoacha kuuhudumia. Kufikia Julai 2025, ombi la vuguvugu hilo kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepata sahihi zaidi ya milioni moja zinazohitajika.

Muungano wa kampuni za michezo barani Ulaya ulipinga. Ulisema kuwa baadhi ya michezo imeundwa kwa ajili ya mtandao pekee, na kwamba sharti kama hilo lingeongeza gharama za uundaji.

Katika jimbo la California, sheria iliyoanza kutumika Januari 2025 inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumfahamisha mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni ya matumizi wala si umiliki, iwapo bidhaa hiyo inaweza kuondolewa baadaye.

Tayari kuna ushahidi kwamba kuuokoa mchezo kunawezekana. Seva za Gran Turismo Sport zilizimwa Januari 31, 2024, miezi miwili kabla ya The Crew, lakini waundaji walitoa sasisho lililowawezesha wachezaji kuendelea na mbio za pekee na kuhifadhi maendeleo yao bila mtandao. Ubisoft nayo, baada ya kulaumiwa, iliahidi mwaka 2024 kuuongezea The Crew 2 uwezo wa kuchezwa bila intaneti, na ikatimiza ahadi hiyo mwaka 2025.

Kwa mnunuzi, funzo ni kusoma maandishi madogo kabla ya kulipa. Yapo maswali matatu yanayofaa kujibiwa: Je, sehemu ya mchezaji wa pekee inahitaji intaneti? Je, maendeleo yanahifadhiwa katika mashine yake au katika seva ya kampuni? Je, kampuni hiyo iliwafanyia nini wateja wake ilipozima seva za michezo yake ya awali?

Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Mchezo usioweza kuwaka bila idhini ya seva ya mtu mwingine hauna tofauti na nguo hiyo, hata kama risiti inaonyesha kuwa ulinunuliwa.