Stesheni ya Shinyanga: kutoka reli ya mita moja hadi SGR

Mji wa Shinyanga ulifikiwa na reli katika miaka ya 1920, pale serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipojenga tawi la Reli ya Kati kutoka Tabora. Tawi hilo lilifika Mwanza mwaka 1928. Lengo kuu lilikuwa kusafirisha mazao, hususan pamba ya Usukuma, na stesheni zake zilijengwa kwa kazi hiyo: njia za kupishania treni, ghala la mizigo, ofisi ya tiketi na jukwaa la chini. Abiria hupanda behewa kwa ngazi, jambo ambalo kwa mzee au mama aliyebeba mtoto mgongoni si dogo.

Reli hiyo ina upana wa milimita 1,000, ilhali SGR ina milimita 1,435. Kwa hiyo stesheni ya zamani haiwezi kukarabatiwa tu ikapokea treni mpya. Sharti ijengwe nyingine. Mkataba wa kipande cha Mwanza–Isaka, kilometa 341 pamoja na njia za kupishania, ulitiwa saini Januari 2021 na kampuni mbili za China. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Juni mwaka huohuo.

Mfano wa stesheni za SGR umeonekana kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ambako safari zilianza mwaka 2024. Jukwaa liko usawa wa mlango wa behewa. Wasanifu walizipa pia sura ya mahali zilipo: ya Dar es Salaam hukumbusha madini ya tanzanite, ya Morogoro milima ya Uluguru, na ya Dodoma miamba.

Hata hivyo, katika mkoa wa wafugaji kama Shinyanga, vivuko ni suala zito kuliko mapambo ya paa. Treni ya umeme iliyosanifiwa kwa mwendo wa kilometa 160 kwa saa huhitaji njia iliyozungushiwa uzio, na ng'ombe lazima wapite chini au juu yake.

Geita, pamoja na dhahabu yake, haina reli. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa adha ya kivuko, hivyo stesheni yenye manufaa kwa msafiri wa huko ni ya Mwanza. Nayo haitamfikisha Dar es Salaam kwa SGR mpaka vipande vya Makutupora–Tabora na Tabora–Isaka viunganishwe.