Kilosa ipo mtandaoni, ila kuiona ni shughuli

Kimya changu ni cha insha ya historia ya Kilosa na Mikumi. Karatasi za Kilosa zipo kibao kwenye hazina za kidijitali za vyuo, kuzipata ndiyo kasheshe.

Chukua mto tu. Sisi tunauita Mkondoa. Burton, kwenye kitabu chake cha 1860, kauita Mukondokwa, na Stanley aliyepita 1871 naye akaandika hivyo hivyo. Mwishoni mwa 1884 akaja Carl Peters na "mikataba" yake ya Usagara, na baada ya hapo ramani za Wajerumani zikawa na Kilossa, s mbili. Ukiandika Mkondoa peke yake, usishangae historia ya mto wenyewe ikakupita.

Halafu kuna kijiji cha Ulaya. Ndiyo, Ulaya ipo Kilosa jamani, hata viza huhitaji! Itafute sasa uone utaletewa nini.

Wengi tunadhani injini ya kutafuta inazunguka dunia pale tunapobonyeza. Siyo. Roboti zake zilishapita zamani, zikafuata linki moja hadi nyingine, zikasoma maneno na kuyapanga kama ile faharasa ya nyuma ya kitabu. Kisichosomwa siku ile hakimo. Google ilianza 1998. DSpace, programu inayotumiwa na hazina za vyuo vingi, ilitoka 2002, na Google Scholar ikafuata Novemba 2004. Wakutubi walikuwa wamezoea kueleza kazi kwa mtindo wa Dublin Core wa tangu 1995, wakati Scholar inapendelea lebo za namna nyingine. Mwaka 2012 Arlitsch na O'Brien, waliofanya majaribio Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha kuwa hazina nyingi zilikuwa karibu hazionekani kabisa Scholar, na kwamba kubadilisha lebo tu kulileta tofauti kubwa. Kumbe hata wenye umeme wa uhakika yaliwakuta!

Kwetu nimekuta tasnifu moja (chuo sikitaji) inayohusu kijiji cha Kilosa. Imeskaniwa kama picha, sehemu ya kichwa imeandikwa "Thesis final 2", muhtasari hakuna. Mwalimu ndiye aliyenipa linki. Kwa roboti ile ni picha tu, kama ya harusi.

Dawa yake haina uchawi. Faili lipitishwe kwenye programu inayogeuza picha kuwa maandishi, na lisizidi MB 5, ndio ukomo wa Scholar. Kila kazi iwe na ukurasa wake, na muhtasari usomeke bila nywila. Jina la mwandishi, kichwa na mwaka vikae kwenye lebo zake. Mlango wa roboti usifungwe.

Ila kwa historia naona kubwa zaidi ni majina. Andika Mkondoa na Mukondokwa, Kilosa na Kilossa, na "Ulaya, Kilosa, Morogoro". Weka na muhtasari wa Kiswahili, maana mwanafunzi wa sekondari pale Kimamba hatafuti kwa Kiingereza cha tasnifu.

Kwa nini nakomaa hivi? Ukiandika Mikumi unaletewa simba na hoteli, basi, kana kwamba kabla ya hifadhi kuanzishwa 1964 hapakuwa na watu. Ukiandika Kilosa, ni mafuriko ya 2009/2010 na mauaji ya Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, wakulima 38. Yale hayafai kusahaulika hata kidogo. Lakini mwakani huenda nikawa nafundisha huko, na sitaki darasa langu likitafuta kwao likutane na misiba tu.

Nimempelekea mkutubi mmoja orodha ya majina kumi na moja na tahajia zake za zamani. Kasema nilete na mengine. Wa Kidodi, Kidete na Rudewa, wazee wenu waliyaandikaje? Nitumieni kabla ya Ijumaa.