Esposito: Jina la Ukoo Lisilo na Ukoo

Katika uhakiki wa majina, jina la ukoo huchukuliwa aghalabu kuwa ushahidi wa nasaba: wanaolishiriki hudhaniwa kuwa na mzee mmoja aliyewatangulia. Makala haya yanajadili jina la Kiitalia linalokanusha kaida hiyo, yaani Esposito. Hoja inayotetewa ni kwamba jina hili halihifadhi kumbukumbu ya mtu bali ya tendo, na kwamba wingi wake umelipunguzia aibu pasipo kuifuta historia yake.

Kietimolojia, jina hili linatokana na neno la Kilatini expositus, lenye maana ya "aliyewekwa nje". Kitaliano cha kawaida husema esposto. Umbo Esposito limebaki karibu zaidi na Kilatini, lugha ya Kanisa. Baada ya Mtaguso wa Trento kusisitiza, mwaka 1563, uwekaji wa daftari za parokia, kila mtoto alihitaji jina la kuandikwa, hata yule ambaye wazazi wake hawakujulikana.

Chimbuko kuu la jina hili ni Napoli. Katika ukuta wa nyumba ya Santissima Annunziata palikuwa na tundu lenye pipa la mbao lizungukalo. Aliyemleta mtoto alimweka humo akiwa barabarani, akalizungusha. Aliyekuwa ndani akampokea bila kuuona uso wa mletaji. Waliopokelewa waliitwa "wana wa Madonna", ilhali daftarini waliandikwa Esposito. Kauli ya kwanza iliwapa mama. Ya pili iliwatangazia kutelekezwa.

Methali ya Kiswahili isemayo kitanda hakizai haramu humkinga mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa. Hata hivyo, si wote waliopita katika pipa lile waliokosa kitanda hicho. Umaskini nao uliwafikisha wengi hapo. Jina halikutofautisha. Lilitaja tendo, likanyamazia sababu.

Miji mingine ilichagua maneno tofauti. Firenze ilitoa Innocenti, "wasio na hatia", kutokana na nyumba ya watoto ambayo ujenzi wake, kwa usanifu wa Filippo Brunelleschi, ulianza mwaka 1419. Milano iliwapa watoto wa namna hiyo jina Colombo, kwa njiwa aliyekuwa nembo ya hospitali yao. Hizo ni tafsida. Roma, kwa upande wake, ilitoa Proietti, "waliotupwa", jina lililo kavu kama lile la Napoli.

Chini ya utawala wa Joachim Murat (1808–1815), ilipigwa marufuku kuwapa watoto wapya jina hilo. Lakini waliokwisha kuitwa Esposito waliendelea kuwarithisha watoto wao. Pipa lenyewe lilifungwa mwaka 1875. Leo Esposito ndilo jina la ukoo lililoenea zaidi Napoli, nalo ni miongoni mwa yaliyoenea sana Italia nzima. Wahamiaji walilifikisha Marekani na Ajentina.

Kwa mhakiki, basi, mhusika aitwaye Esposito katika riwaya ya Napoli huenda ni mtu wa kawaida kabisa, asiyedokeza uyatima wowote. Lakini kulipita jina hilo kama jina tupu ni kusahau kwamba kila tawi la ukoo huo lilianza na mtoto mmoja aliyeandikwa na karani asiyemjua.