Fedha ya Nyambui Haikuokotwa

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilisimama kwa muuza magazeti pale Mwigobero, mjini Musoma, nikawakuta vijana wanabishana juu ya mpira wa kikapu wa Marekani. Mmoja anamtaja Michael Jordan, kwamba alifika fainali 6 na zote 6 akashinda. Mwenzake anamtetea LeBron James: fainali 10, ubingwa mara 4, na kufika mara 10 nako si kazi ndogo. Ubishi mtamu. Nikawauliza, na Nyambui wetu je, yeye mnampimaje? Kijana mmoja akanijibu bila kusita: "Mzee, ile medali ni ya kuokota. Wakenya hawakuwepo, Wamarekani hawakuwepo."

Maneno hayo nimekwisha kuyasikia hata kwa watu wazima. Leo nataka tuyapime.

Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, mwambao wa ziwa kusini mwa Musoma, mwaka 1953. Tarehe 1 Agosti 1980 alishika nafasi ya pili katika mbio za mita 5,000 za Olimpiki ya Moscow. Miruts Yifter wa Ethiopia alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 20.91, Nyambui akaingia kwa 13:21.60. Hata sekunde moja haikutimia kati yao. Siku moja kabla, Filbert Bayi naye alikuwa amepata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mpaka leo Tanzania haina medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili.

Sasa hao wasiokuwepo. Marekani ilisusia kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan, na Kenya ikasusia pia. Rais Carter alimtuma Muhammad Ali mpaka Dar es Salaam, Februari 1980, aje atushawishi na sisi. Mwalimu, mwana wa Butiama, hakukubali kumpokea. Timu yetu ikaenda Moscow.

Nakiri jambo moja. Henry Rono wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 mwaka 1978, dakika 13:08.4. Muda bora wa Nyambui ni 13:12, aliouweka mwaka 1979. Rono yule wa 1978 angefika Moscow, mimi nisingethubutu kumwekea Nyambui dau. Hapo kijana wa Mwigobero ana hoja.

Lakini mtu aliyeokota medali hurudi kuwa wa kawaida wakubwa wakirejea uwanjani. Tazama miezi iliyofuata. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1980, Nyambui alikuwa bingwa wa mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani. Kisha Februari 1981, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alikimbia mita 5,000 kwa 13:20.4, rekodi ya dunia ya mbio za ndani. Aliyemfuata siku ile ni Alberto Salazar, aliyekimbia kwa kasi ambayo Mmarekani yeyote hakuwahi kuifikia ndani ya ukumbi. Na Salazar huyo alikuwa amechaguliwa kuiwakilisha Marekani katika mita 10,000 kule Moscow, akazuiwa na ule mgomo. Yaani mmoja wa hao wanaosemwa hawakuwepo alikutana na Nyambui nyumbani kwake, mbele ya watu wake, akawa wa pili.

Kwangu mimi hiyo nusu mwaka, Agosti hadi Februari, ndiyo kilele cha Nyambui. Kiwanja cha wazi, nyika yenye matope na vilima, kisha ukumbi wenye kona za karibu karibu: njia tatu tofauti, na katika zote tatu hakushuka chini ya nafasi ya pili.

Wengine watataja mataji yake 15 ya vyuo vikuu, akiwa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso. Mita 10,000 pekee alizitwaa miaka 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Hakuna mwanamume aliyeipita idadi hiyo ya 15 mpaka mwaka 2017, alipokuja Mkenya Edward Cheserek. Mimi naiheshimu rekodi hiyo, ila naipunguzia uzito kidogo. Nyambui alikuwa mtu mzima wa miaka 26 mpaka 29 akishindana na wengi waliokuwa wametoka sekondari juzi.

Ninachokipa uzito zaidi ni Berlin. Alishinda marathoni ya mji ule mwaka 1987, akarudi akashinda tena 1988 kwa saa 2 na dakika 11, miaka minane baada ya Moscow. Alikuwa na umri wa miaka 35, na wala marathoni haikuwa mbio aliyokulia.